Mume kaniambia nikaandike talaka mwenyewe. Nianzie wapi, na mama yake ninaishi naye?

Shikamoo Mshauri,

Naomba usitaje jina langu. Makambako si mji mkubwa, na safu yako inasomwa hadi pale sokoni ninapouza mitumba ya watoto.

Nina miaka 37. Niliolewa mwaka 2010, ndoa ya kanisani, KKKT, na cheti ninacho. Mahari ililipwa yote. Tumejaliwa watoto watatu: wa kwanza yuko kidato cha pili, wa kati darasa la tano, wa mwisho ana miaka mitano.

Mume wangu ni fundi mitambo. Mwaka 2018 alipata kazi Kahama. Mwanzoni alikuwa anarudi kila akipata likizo na hela anatuma bila kuulizwa. Baadaye ikawa Krismasi tu. Sasa hata Krismasi haji, na hela inakuja pale mtoto anapompigia kulia ada. Huko ana mwanamke na wamezaa. Nililipata kwa mke wa fundi mwenzake. Nilipomuuliza hakukataa, alisema tu, "Ndiyo hivyo." Nimemsihi aachane naye, nimetuma hadi wazazi wangu wampigie. Hakuna kilichobadilika.

Hajawahi kunipiga wala kunitukana. Hilo nalo limekuwa tatizo, maana kila ninayemweleza ananiuliza, "Alikupiga?" Nikisema hapana, naona wananitazama kama mtu anayetafuta makuu.

Nyumba tunayokaa tulinunua kiwanja 2012. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina lake peke yake. Yeye alitoa hela ya msingi na bati. Maji ya kufyatulia matofali nilichota mimi nikiwa na mimba ya huyu wa kati. Madirisha, plasta na fremu mbili za mbele nilimalizia kwa mkopo wa kikoba. Risiti nimezihifadhi kwenye begi la shule la zamani la mwanangu, nyingine zimefifia hazisomeki.

Mwezi wa nne shemeji yangu alikuja na mtu nisiyemjua. Hakukaa hata kwenye kiti. Akatoa futi mfukoni, wakapima fremu zote mbili upana na urefu, yule mgeni akaandika kwenye kipande cha boksi, wakaondoka. Nikampigia mume wangu. Akaniambia, "Nyumba ni yangu. Kama umechoka, kaandike talaka, mimi nitasaini."

Mshauri, kinachonifunga miguu ni mama mkwe. Alipata kiharusi, upande wa kushoto ukafa, nikamtoa kijijini nikamleta kwangu. Namwogesha, namvalisha, namlisha uji. Ananiita mwanangu, na sijamwambia lolote kuhusu Kahama. Nikienda kumshtaki mwanawe, nitarudi nyumbani nimtazame vipi?

Mchungaji kasema niombe na nisubiri. Dada yangu anasema wazee wa pande mbili wakikaa wakaandika barua, hiyo ndiyo talaka. Jirani anasema niende mahakamani moja kwa moja. Na kuna mtu karibu na stendi anayejiita mwanasheria, anataka laki nne anipatie hati ya talaka ndani ya wiki mbili bila mume kufika.

Nianzie wapi? Na nikiwa mimi ndiye niliyeomba talaka, si nitapoteza nyumba na watoto, kwa kuwa mahari ililipwa? Na huyu mama nitamweka wapi?

Mama Watatu, Makambako

*

Marahaba mdogo wangu,

Nianze na huyo wa stendi. Laki nne zako zibaki kwenye kikoba. Talaka ya ndoa kama yako hutolewa na mahakama, na mahakama haiuzi hati ya wiki mbili. Ukinunua karatasi hiyo utaendelea kuwa mke wa mtu kisheria, na siku utakapoitoa mbele ya hakimu itakutia aibu au matatani. Tumalizane naye hapo.

Barua yako nimeisoma nikaona mambo matatu umeyafunga kamba moja: ndoa yenyewe, nyumba, na matunzo yako na watoto. Mume amekwambia "kaandike talaka" katika simu ile ile mliyozungumzia nyumba, na tangu hapo yote yamekuwa neno moja kichwani mwako. Nakuuliza taratibu: ile siku shemeji anapima fremu, ulichotaka ni kuacha kuwa mke wa mtu huyu, au ulitaka futi ile irudi mfukoni? Sikuulizi ili kukurudisha nyuma. Jibu lako ndilo litakalosema uanzie ofisi gani, na kuna hatua unazoweza kuchukua bila kugusa talaka kabisa.

Nyumba kwanza, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwanandoa hawezi kuuza, kuweka rehani, kupangisha wala kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo, hata kama karatasi ina jina lake peke yake. Na mke aliyetelekezwa ambaye bado anaishi humo, sheria hiyo hiyo inamlinda asitolewe kwa amri tu ya mume. Umeona? Hapa kuwa kwako mke ndiko kunakokulinda. Kiwanja kingekuwa na hatimiliki ungeweka zuio kwa Msajili wa Hati. Chenu kina karatasi ya mtaa, kwa hiyo andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji, ueleze kwamba nyumba ile ni ya ndoa na hujaridhia iuzwe. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea, ukae nayo. Mnunuzi wa nyumba za namna hii karibu kila mara hupitia ofisi hiyo ili mauziano yashuhudiwe. Wakiendelea hata hivyo, mahakama inaweza kuombwa amri ya zuio.

Na zile risiti zipige picha leo, kabla hazijafifia zaidi. Mwombe katibu wa kikoba akuonyeshe ukurasa wenye mkopo wako wa madirisha, nao upige. Fundi aliyejenga yuko wapi siku hizi? Tafuta namba yake.

Matunzo nayo hayasubiri talaka. Mume ana wajibu wa kumtunza mke, na mahakama inaweza kumwamuru alipe akiupuuza, ndoa ikiwa bado hai. Kwa watoto kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, na mtu wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mara nyingi yeye humwita mzazi mwenzako mkapatana kiwango kabla hamjafika kwa hakimu. Kazi ya Kahama ina mshahara. Hela inayokuja mtoto akilia ada haitoshi kuitwa matunzo.

Sasa talaka, kama ndiyo unayoitaka. Jirani yako na dada yako wote wameruka hatua. Shauri la talaka halifunguliwi mahakamani mpaka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hili liko kwenye kata: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi humo. Unaeleza kwa mdomo wako, naye anaeleza kwa wake. Halivunji ndoa wala haligawi nyumba. Likishindwa linatoa hati, ambayo watu wengi wanaiita Fomu Namba 3, na linaweza kuambatanisha mapendekezo yake kuhusu watoto, matunzo na mali. Barua ya wazee wa koo haishiki nafasi ya hati hiyo. Hata kikao cha wazee wa kanisa hakiishiki, isipokuwa kama dayosisi yenu ina baraza lililoteuliwa rasmi chini ya sheria hii. Muulize mchungaji jambo hilo moja, ajibu ndiyo au hapana.

Nasisitiza kwa sababu nimeona wanawake wakihangaika na kesi miaka, halafu rufaa inafuta kila kitu kwa kuwa hati ya Baraza haikuwepo au ilitolewa na watu wasiohusika. Kwako kuna mtego hapo. Sheria inatazama Baraza la kata anakoishi mume. Je, mume wako anaishi Makambako na anafanya kazi Kahama, au amehamia Kahama? Wewe unaweza kusema nyumba yake ni hii, yeye akasema vingine. Waulize makarani wa Mahakama ya Mwanzo na msaidizi wa kisheria kabla hujafungua mgogoro, siyo baada. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na idara ya ustawi wa jamii itakuelekeza alipo wa karibu.

Akiitwa akakaidi kwa makusudi, hilo halikufungi: sheria inaruhusu kwenda mahakamani pale ambapo mwenzako ameitwa na Baraza akakataa kufika. Lakini lazima wito uwe ulitoka na uwe umemfikia.

Jambo la muda nalo likae kichwani. Hati ya Baraza inapaswa kuwa imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wengine huichukua kwa hasira, wakaiweka kabatini, wakaja kuikumbuka mwaka unaofuata. Kama moyo haujatulia, ni afadhali uchelewe kwenda Baraza kuliko uchelewe baada yake.

Mahakama za kwenda ni yoyote kati ya Mwanzo, Wilaya, Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Wengi wa hali yako huanzia Mwanzo: ni karibu, mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujisemea mwenyewe. Utapeleka maombi yako, cheti cha ndoa na ile hati. Mume ataitwa, atajibu, na mashahidi watasikilizwa. Mchungaji akikwambia kanisa halijaruhusu, mheshimu. Lakini jua kwamba mahakama haisubiri ruhusa ya kanisa, na kanisa nalo lina utaratibu wake ambao hakimu hauingilii.

Mumeo anasema "mimi nitasaini", kana kwamba ni mkataba wa pikipiki. Si hivyo. Hata mkikubaliana wote wawili, hakimu lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi unaotajwa na sheria ni pamoja na uzinzi, hasa unaoendelea licha ya kulalamikiwa, ukatili wa mwili au wa akili, na kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka mitatu au zaidi. Hapo ndipo ninapowajibu wale wanaokuuliza "alikupiga?" Kipigo ni sababu mojawapo. Mwanamke na mtoto wa Kahama, kusihi kwako, simu ya wazazi wako, Krismasi anazokosa: hayo nayo yanasikilizwa. Na labda ujiulize kwa nini anataka uandike wewe. Mahakama inaweza kumkatalia mtu anayeomba talaka akiegemea makosa yake mwenyewe tu. Sisemi ndiyo hesabu yake, simjui. Nasema tu kwamba haraka hii si lazima iwe yako.

Unaogopa kwamba anayeomba hupoteza. Imani hiyo imeenea sana, na haimo katika sheria. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi, pamoja na mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii yenu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Maji yale ya matofali yana uzito, mdogo wangu. Ila nikuambie na upande wa pili, ambao wengi wanaoitaja kesi hiyo huuacha: Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Mahakama iliona alikuwa amepewa fedha na mumewe wakati wa ndoa akazitumia vibaya. Kwa hiyo kanuni nzuri haikuhakikishii nusu ya nyumba. Kinachotazamwa ni nani alifanya nini, na nani anaweza kuonyesha. Na ujue pia kwamba mgawanyo unaweza kuishia kwa nyumba kuuzwa mkagawana, au mmoja kumlipa mwenzake. Ukifikiria talaka, fikiria na siku hiyo: una uwezo wa kumlipa sehemu yake? Ungeweza kukopa kwa dhamana ya fremu zile?

Kuhusu watoto, mahari haiamui. Kinachotangulia ni ustawi wao. Huyo wa miaka mitano, sheria inaanza kwa kudhani ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Huyo wa kidato cha pili anaweza kuulizwa anataka nini, na ningependa uwe umeshamsikiliza wewe kabla hajasikilizwa na hakimu. Ndiye anayepigishwa simu za ada. Anajua zaidi ya unavyodhani.

Kuna njia nyingine sijaitaja: kutengana kwa amri ya mahakama. Unabaki mke, lakini huwajibiki kuishi naye, na masuala ya matunzo na watoto yanaweza kuamriwa. Linawafaa wale ambao dhamiri yao ya dini haiwaruhusu talaka. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuolewa tena, na fundi wa Kahama ataendelea kuwa mume wako kwa kila karatasi. Kukaa kimya vilevile ni njia, na watu wengi wenye busara wameichagua kwa muda. Ila kwako kimya bila ile barua ya mtaa ni kumwachia shemeji uwanja.

Sasa mama. Umeandika kwamba hajui. Una hakika? Mtu anayekaa kitandani mchana kutwa husikia simu zote za nyumba ile, na amehesabu Krismasi kama wewe. Inawezekana naye anakuficha anachokijua, akiogopa kwamba ukikiri umeachwa utamrudisha kijijini. Sijui, wewe unamjua uso wake. Lakini ukifungua mgogoro, wito utatoka, shemeji atapata habari, na habari itamfikia mama kwa sauti ya shemeji. Ndiyo maana ningekuomba upime kumwambia mwenyewe kwanza. Si lazima umweleze yote. Mwambie kwamba nyumba inataka kuuzwa na wewe hujaridhia, halafu usikilize atasema nini. Anaweza kumtetea mwanawe, na itakuuma. Anaweza pia kumpigia simu shemeji, na sauti ya mama katika jambo la nyumba huwa na nguvu ambayo mimi na vifungu vyangu hatuna.

Wajibu wa kumtunza ni wa wanawe. Unachofanya unafanya kwa upendo, na hakuna mahakama itakayokulazimisha kuendelea au kuacha. Ila usimfanye kuwa sababu ya uamuzi wako, wa kukaa au wa kuondoka, kabla hujajua yeye anataka nini. Ni mtu mzima, akili yake haikupooza.

Anza na barua ya mtaa na picha za risiti. Hizo hazikufungi kwenye uamuzi wowote. Kisha ulizia lile suala la kata, uniandikie tena. Ikiwa Baraza lako ni la Kahama, itabidi tupange nauli, siku za kulala huko, na nani atakayebaki na mama na watoto.